Uzi wa burudani: muziki, sinema na mpira, kwangu msimuliaji ndiye namba kumi

Wakuu, habari za leo.

Kila ukiletwa uzi wa kutaja msanii bora, filamu bora au mechi bora, nasoma majibu yote halafu nanyamaza, maana sababu zangu zinakwenda njia nyingine. Wengi wanataja sauti tamu, ngumi na milipuko, mabao ya mashuti ya mbali. Mimi katika vyote vitatu natafuta kitu kimoja: mtu anayejua kusimulia. Mwimbaji mwenye sauti ya kawaida akiwa na kisa, nitamsikiliza mpaka kanda iishe. Filamu ya Hong Kong ya bei chee ikipata mtu wa kuisimulia kwa Kiswahili kilichonyooka, siinuki kwenye benchi. Na mpira naupenda redioni kuliko kwenye televisheni. Najua hilo la mwisho litaleta ubishi, ndiyo maana naanza nalo.

Mimi ni Mwananchi, nimezaliwa kwenye nyumba ya Yanga, kwa hiyo mfano wangu wa kwanza unaniuma. Tarehe 19 Julai 1977, Simba 6, Yanga 0. Abdallah Kibadeni alitia matatu, Jumanne Hassan "Masimenti" mawili, na jingine beki wetu Selemani Sanga akajifunga. Sasa jiulizeni, nani aliiona mechi ile? Tanzania Bara haikuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, tena ya rangi, lakini huku Bara tulingoja hadi 1994 vituo binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Waliokuwa uwanjani siku ile ni wachache mno ukilinganisha na wanaoizungumzia. Wa Kigoma, wa Songea, wa Musoma waliipokea kwa masikio kutoka Radio Tanzania Dar es Salaam, na sisi wengine tumeipokea kutoka kwao. Karibu miaka hamsini imepita na mtoto wa darasa la sita kwenye nyumba ya Simba bado anakutajia wafungaji kwa mpangilio. Mechi ile imebebwa na midomo ya watu hadi hapa ilipofika.

Au chukueni Ndola, Agosti 1979. Taifa Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wameshinda 1-0 Dar, wanakwenda kwa Wazambia kulinda. Sare ya 1-1, bao la Peter Tino, na nchi nzima ikajua tunakwenda Lagos kwenye fainali za Afrika za 1980. Wazee wa rika lile wakikusimulia bao la Tino wanasimama, wanakuonyesha alivyogeuka, utadhani walikuwa nyuma ya goli. Wengi wao walikuwa Ilala, Iringa au Bukoba, wameinamia redio.

Sikilizeni vizuri mtangazaji wa redio anayeijua kazi. Kitu cha kwanza anakupa ramani: nani anashambulia kutoka kusini kwenda kaskazini, nani kavaa nini, jua linampiga kipa gani usoni. Ukishaijua ramani hakuachi tena. Mpira uko kwa nani, yuko umbali gani na mstari, nani anamfuata, nani anaomba pasi upande wa pili. Halafu sauti inaanza kupanda kabla hatari haijafika. Hapo ndipo ufundi ulipo. Anayesubiri mpira uingie ndipo apige kelele amechelewa. Yule fundi anakupandisha taratibu kuanzia katikati ya uwanja, winga akishaingiza majalo wewe tayari umesimama. Na mpira ukitoka nje anajua kukushusha, anakupa nafasi ya kupumua, anakutajia dakika na matokeo kwa ajili ya aliyefungua redio sasa hivi. Ahmed Jongo alikuwa na hilo. Charles Hilary, aliyetutoka mwaka 2025, alikuwa na hilo pia, na sauti yake ilikuwa nzito na tulivu kiasi kwamba hata akitangaza mechi mbovu ungesikiliza.

Televisheni inakupa picha na kukuachia. Redio inamlazimisha mtu akujengee uwanja mzima kichwani kwa maneno, na akikosea neno moja umepotea. Ndiyo maana nasema mtangazaji ni mchezaji wa kumi na mbili kweli kweli, si kwa heshima tu.

Twende kwenye sinema. Hapa jina langu la kwanza ni la mtu ambaye hakuwahi kuonekana kwenye kioo: Kapteni Derek Mukandala, tuliyemjua wote kama Lufufu. Wadogo zangu ambao hamkumkuta, ilikuwa hivi. Filamu inatoka nje, ya Kichina, ya Kimarekani, ya Kihindi, ya Kinigeria. Lufufu anaiwekea sauti yake. Peke yake anakuwa mzee wa kijiji, binti anayelia, jambazi, polisi na bibi mwenye duka. Sauti za wenyewe unazisikia kwa chini, yeye yuko juu. Hakuwa anatafsiri neno kwa neno. Wahusika wakikaa kimya yeye anajaza: huyu unayemwona hapa ndiye aliyemuua kaka wa yule, kumbuka. Akimwona mtu anafanya ujinga anamsema. Mambo ya kule anayaweka kwa namna ambayo mtu wa Mbagala au Tabora anayashika papo hapo, bila kuuliza jirani.

Mabanda ya video yalikuwa yanaandika nje kwa chaki jina la filamu, na chini yake kama imetafsiriwa. Hiyo iliyotafsiriwa ndiyo iliyojaza benchi. Watu walikuwa wanachagua msimuliaji kwanza, filamu baadaye, kama mimi ninavyochagua redio kwa jina la mtangazaji. Nimeshawahi kuiona filamu moja ya Lufufu kwa lugha yake ya asili, kwa starehe zote, na nikaiona nyembamba. Ya kwake ilikuwa na watu wengi zaidi ndani.

Bongo muvi nazo nazipenda, na nazikosoa kwa kipimo hichohicho. Steven Kanumba, aliyefariki 7 Aprili 2012, alikuwa nyota kwa sababu filamu zake zilikuwa zinasimulika. Ukitoka kuangalia unaweza kumkalisha mtu ambaye hakuiona ukampa kisa mwanzo hadi mwisho, akalia. Zile zilizokuja kwa wingi baadaye zilipoteza hapo: gari linaingia getini dakika nzima, mtu anapanda ngazi, anafungua mlango, anakaa, anatoa simu, na bado hatujaambiwa anataka nini. Jina la Kiingereza juu ya kasha, kisa kimoja kimekatwa sehemu ya kwanza na ya pili ili tununue mara mbili. Watu walichoka kwa haki.

King Majuto ni habari nyingine. Mzee yule wa Tanga angeweza kukaa kwenye kiti, bila mandhari, bila muziki, akakusimulia namna alivyodaiwa pesa, ukacheka na kumwonea huruma kwa pamoja. Tangu alipofariki Agosti 2018 sijamwona anayekaa kwenye kile kiti.

Muziki sasa. Remmy Ongala ndiye wangu. Alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akaja Dar kupiga na Orchestra Makassy, halafu akawa na Super Matimila. Sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, haikuwa laini hata kidogo. Lakini mtu yule alikuwa anakaa na msikilizaji. Alipoimba kuhusu kifo alizungumza na kifo chenyewe, akakiuliza maswali ambayo kila mtu aliyewahi kurudi kutoka makaburini amejiuliza. Alipoimba kuhusu kondomu, wakati ukimwi unamaliza watu, redio ya taifa haikuupiga ule wimbo, na mtaani ukapigwa kila kona. Leo ukipanda daladala ya Sinza kuna kituo kinaitwa Kwa Remmy. Konda anaita jina lake kutwa nzima.

Halafu kuna jambo nimelitazama kwenye dansi la zamani na nalileta hapa mlipime. Angalieni majina ya nyimbo: Zuwena na Georgina za Marijani Rajab, Neema ya Mlimani Park, Mary Maria ya Vijana Jazz. Ni majina ya watu. Mtunzi hakuandika kuhusu mapenzi kwa ujumla, aliandika kesi ya mtu fulani, yenye mashahidi na majirani. Beti za mwanzo zinakwenda polepole ili uelewe nani kamkosea nani. Kiitikio kinakuja, wenzake wanaitikia kama ukoo uliokaa kikao. Ukishaelewa ndipo gitaa la solo linaachiwa, tumba zinachangamka, na watu wanainuka kucheza. Unacheza ukiwa unajua kisa. Hiyo ndiyo tofauti yangu na nyimbo nyingi za sasa ambazo zinaanzia pale pa kuinuka.

Karibuni tubishane.

*

> Mkuu umekosea njia. Muziki ni vyombo. Mbaraka Mwinshehe hata akinyamaza, lile gitaa linatosha. Hakuna msimuliaji pale.

Ndugu yangu, umenigusa pazuri maana Mbaraka simpingi hata siku moja. Kijana aliyetoka Morogoro Jazz, bendi iliyofika hadi Osaka kwenye maonyesho ya Expo 70, akaanzisha Super Volcano, akafa kwa ajali Mombasa Januari 1979 akiwa na miaka 34. Kazi aliyoiacha kwa umri ule inashangaza.

Lakini sikiliza tena solo zake. Sauti inaimba mstari, gitaa linajibu. Sauti inalalamika, gitaa linakubali. Mara nyingi solo inarudia maneno uliyokwisha kuyasikia, kwa nyuzi, na wewe unayajaza maneno kichwani bila kujua. Ungeipiga solo ile peke yake bila beti zilizotangulia ingebaki nzuri, sikatai, ila isingekukamata pale inapokukamata sasa. Ndivyo ilivyo pia kwa Sikinde, yaani Mlimani Park, wakati wa Michael Enoch: tarumbeta na saksafoni zinaingia kama watu wa pembeni wanaochangia hoja. Kwa hiyo vyombo viko ndani ya masimulizi, tena vimepewa kazi kubwa.

*

> Sisi wa Unguja na Tanga tuliangalia sinema za Kihindi miaka na miaka bila Lufufu wala nani. Kihindi hatukijui, na tulilia machozi. Hapo unasemaje?

Hili ni swali zito kuliko yote na nimelifikiria tangu jana usiku.

Ni kweli kabisa. Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 iliteka pwani yote, na Sholay ya 1975 wazee wanaikumbuka hadi mapigo ya Gabbar Singh. Watu walitoka Majestic pale Unguja wanaimba nyimbo za Kihindi neno kwa neno, na vikundi vya taarab vilichukua tuni zile vikazitilia mashairi ya Kiswahili. Hilo la mwisho ndilo jibu langu la kwanza: tuni imekuja, na watu hawakuridhika mpaka waipe maneno yao.

Jibu la pili nimelipata kwa kuwauliza wakubwa zangu wa Tanga. Wanasema sinema haikuangaliwa kimya. Aliyekwishaiona jana anamweleza wa leo: huyu ni mama yake wa kambo, huyu atamwacha, ngoja uone. Watu wanaonya nyota asiingie kwenye ile nyumba. Kesho yake kisimani, shuleni, barazani, kisa kinasimuliwa upya kwa ambao hawakupata pesa ya tiketi, na kila anayesimulia anaongeza chumvi yake. Kwa hiyo msimuliaji alikuwepo, ila alikuwa amekaa kiti cha nyuma yako.

Na bado nakupa haki yako kwa sehemu. Uso wa Raj Kapoor ulikuwa unasema mambo ambayo hayakuhitaji mtu wa kati. Wapo waigizaji wa namna hiyo, wachache.

Ukiwa wa Unguja naamini umeiona Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi na kuonyeshwa Toronto mwaka 2021. Mimi niliipenda kwa kitu kimoja kikubwa: Kiswahili cha Unguja kimeachwa kitembee kwa mwendo wake, hakuna aliyekinyoosha ili sisi wa Bara tusihangaike. Nilihangaika mahali pawili patatu na nikafurahi.

*

> Niko Nakuru. Hapa kwetu bila DJ Afro sinema haijaanza. Na kwenye mpira usisahau Mambo Mbotela.

Asante sana ndugu wa Nakuru, hii ndiyo nguvu niliyokuwa naitafuta. DJ Afro nimemsikiliza, na kinachonifurahisha ni kwamba hakujaribu kuwa Lufufu. Anakwenda kwa Kiswahili cha Nairobi na sheng yake, kasi yake nyingine kabisa, na anamchukua nyota wa filamu anamfanya mtu wa mtaa. Waganda nao wana VJ Jingo na wenzake kwa Kiganda, na mabanda yao yanajaa vilevile. Eneo letu hili lote lina kipaji hiki na hakuna anayekipa tuzo.

Leonard Mambo Mbotela nilimsikia kwanza kwenye kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, mpira wake nikausikia kwenye kanda za wazee. Mtu wa adabu kwenye lugha. Alifariki Februari 2025, miezi mitatu kabla ya Charles Hilary. Mwaka mmoja ukatuchukulia wawili wa namna ile.

*

> Hao watafsiri walikuwa wezi wa kazi za watu. Tuwaite wasanii?

Swali la haki. Wenye filamu hawakupata kitu, hilo liko wazi. Wasanii wetu wa Bongo muvi pia waliumia, maana filamu ya nje iliyotafsiriwa iliuzwa bei ambayo mtu aliyelipa waigizaji, kamera na mafuta ya jenereta hawezi kuifikia. Mwaka 2017 waigizaji waliingia barabarani Kariakoo kwa ajili ya filamu za nje, na nilikuwa upande wao.

Lakini tutenganishe biashara na kipaji. Aliyenakili na kuuza kanda bila ruhusa ana kesi yake. Aliyekaa mbele ya kipaza sauti akawapa uhai watu kumi kwa koo moja, huyo ni msanii, na ningependa vituo vyetu vya televisheni vimlipe mtu wa namna hiyo kihalali. Tamthilia za Kituruki na Kihindi zinazoingizwa sauti sasa zinafanywa na vijana wazuri wenye sauti safi, kila mhusika na sauti yake. Nazisikiliza. Kinachokosekana kwangu ni yule mtu wa juu, anayekushika mkono na kukwambia kumbuka huyu ni nani.

*

> Umri unakusumbua mkuu. Muziki wa siku hizi hauna kisa? Sikiliza vizuri.

Nimesema nyimbo nyingi, sikusema zote, na naomba unisikilize hadi mwisho kwa sababu hapa tunaweza kukubaliana.

Bongo Fleva ilipoanza ilikuwa imejaa wasimuliaji. Professor Jay kwenye Ndiyo Mzee ya mwaka 2001 alivaa koti la mwanasiasa jukwaani: anatoa ahadi, umati unaitikia, anatoa nyingine kubwa zaidi, umati unaitikia kwa nguvu ileile. Hakusema popote kwamba wanasiasa ni waongo. Aliweka mkutano wa hadhara mzima ndani ya wimbo na kukuacha wewe uliyekaa kwenye kundi ujisikie ukiitikia. Mwaka 2015 akaingia bungeni kwa jimbo la Mikumi. Zali la Mentali, na Juma Nature ndani yake, ni kisa cha mtu wa hali ya chini anayependwa na binti wa kitajiri, na bado nikiisikia siwezi kuizima katikati, lazima nifike mwisho ninaoujua.

Na leo msimuliaji yuko wapi? Kwangu mimi yuko kwenye singeli. Wengi wa rika langu wanaikimbia kwa ajili ya kasi, midundo zaidi ya 200 kwa dakika, wanasema ni kelele. Msikilizeni Msaga Sumu au Dulla Makabila mkiwa mmetulia. Ni habari za Manzese, Tandale na Mburahati: mwenye nyumba, kodi, shemeji, vikoba, nani kamchukulia nani mume, nani karudi kwao. MC wa singeli kwenye kigodoro anawataja waliopo mbele yake kwa majina, anajua nani ndiye mwenye shughuli, nani kaja bila kualikwa. Hiyo kazi ni ileile ya dansi, ya mtu kupewa jina na kesi yake, isipokuwa beti za polepole zimeondolewa. Mimi ningependa mmoja wao ajaribu kuzirudisha dakika mbili tu mwanzoni.

Kuhusu umri, mimi sikuukuta wakati wa Mbaraka. Nimekulia kwenye mabaki yake, kwenye nyumba ambayo redio haikuzimwa: Pwagu na Pwaguzi, Mama na Mwana ya Deborah Mwenda, muziki, mpira, taarifa ya habari. Nafikiri sikio langu lilitengenezwa pale. Kila nilichokipenda baadaye nilikipima kwa Deborah Mwenda anavyoanza hadithi.

*

> Redio bora kuliko TV? Tarehe 5 Novemba 2023 wewe Mwananchi ulikaa na redio tukipigwa, samahani, MKITUPIGA sisi Simba 5-1?

Mtani, nashukuru kwa kunikumbusha, maana hiyo tarehe naipenda. Musonda, Maxi mawili, Aziz Ki, Pacome. Kibu Denis akawapatia la kwenu.

Niliangalia, nakiri nina macho. Ila niliangalia kwa namna yangu: televisheni nimeizima sauti, redio ipo mezani. Wanaofanya hivi wanajua kuna jambo moja la kipekee, redio inatangulia picha. Picha ya king'amuzi inabanwa na kufunguliwa na mitambo kabla ya kufika kwenye kioo, kwa hiyo bao linafungwa redioni na sekunde kadhaa baadaye ndipo Maxi anapokea mpira kwenye kioo. Wengi wanaona inaharibu utamu. Mimi napata vyote viwili, nasimuliwa kwanza, halafu naonyeshwa ushahidi. Na pale picha inapochelewa nakuwa tayari nimeshaichora mwenyewe, naangalia kama tumefanana.

Kwenye ile fainali ya Shirikisho ya 2023 na USM Alger nilifanya vilevile. Tumefungwa 2-1 kwa Mkapa tarehe 28 Mei, bao letu Mayele. Tukaenda Algiers tukashinda 1-0 kwa penalti ya Djuma Shabani, na kombe likaenda kwao kwa bao la ugenini. Dakika za mwisho kule Algiers nilifunga macho kabisa. Mtangazaji alikuwa ananipa kila mpira wa kurusha, kila sekunde inayopotezwa na kipa wao. Picha ingenipa watu waliolala chini na moshi wa mafataki. Yeye alinipa matumaini hadi kipenga.

Mnaolalamika kwamba watangazaji wa siku hizi wanapayuka, na mimi ni mmoja wenu. Wapo wanaosoma tangazo la biashara wakati mpira uko kwenye sita, wapo wanaobishana studio kuhusu usajili huku kona inapigwa. Tatizo hilo lipo kwa watu, siyo kwa redio. Na vijana wazuri wapo, ukizungusha kitufe unawapata.

Jingine ambalo nimelibeba muda mrefu. Tarehe 1 Machi 2020 Mbwana Samatta, mtoto wa Mbagala, alifunga kwa kichwa Wembley, fainali ya Kombe la Ligi, Aston Villa dhidi ya Manchester City. Villa walifungwa 2-1 lakini bao lile ni letu sote. Mimi niliona kibandaumiza, na sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya Kiingereza. Mtangazaji alimtaja Samatta vizuri, akasifu krosi, akaendelea na mechi yake. Kwake lilikuwa bao moja kati ya mengi ya msimu. Nilitamani awepo mtu wa kwetu pale, anayejua Simba, anayejua TP Mazembe na ubingwa wa Afrika wa 2015, anayejua Genk, aweze kuyaweka yote ndani ya zile sekunde kumi mpira ukiwa wavuni. Kibanda kizima kilipiga kelele mpaka hakuna aliyesikia kitu, na labda hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kutosha siku ile. Ila kwa Tino tuna maneno. Kwa Samatta tuna picha.

*

> Mtoa mada maneno mengi, toa chaguo zako basi tujue tunabishana na nini.

Haki yako. Muziki: Remmy wa kwanza, Marijani wa pili, Professor Jay wa kale wa tatu. Wimbo mmoja wa kubaki nao ningechukua Neema, aliouimba Cosmas Chidumule na Mlimani Park, kwa sababu ya jinsi anavyomweleza huyo Neema shida zake bila kumbembeleza kupita kiasi. Sinema: chochote chenye Lufufu, Majuto akiwa amekaa, na Vuta N'kuvute. Mtangazaji: Charles Hilary.

Mechi. Wananchi wenzangu mnivumilie. Siichagui ile 5-1. Nachagua 20 Oktoba 2013, sare ya 3-3 na Simba. Kipindi cha kwanza Ngassa kafunga, Kiiza kafunga mawili, tunakwenda mapumziko 3-0 na mtaani kwetu watu wameshaanza kupiga madebe. Kipindi cha pili Mwombeki, halafu Owino, halafu dakika za mwisho Kaze. Iliniumiza kuliko vipigo vingi. Lakini sijaona mechi nyingine ya watani ambayo ukiisimulia kwa mtu asiyejua matokeo, ukaanza na yale madebe, unamshika pumzi mpaka dakika ya themanini na tano. Nimeisimulia kwa Simba, kwa Yanga, kwa mtu wa Kahama asiyependa mpira kabisa, na wote waliniuliza swali lilelile: ikawaje?

Kama kuna mwenye rekodi ya redio ya kipindi cha pili cha siku ile, kituo chochote, hata ikiwa na mikwaruzo, aiweke hapa.